Maua Yanayosahau Kuzaa

Bwana Shamba alinawa mikono kabla ya kula na baada ya kula kama watu wote. Ila yeye alinawa pia kabla ya kusalimia. Ukimkuta uani unampa mkono, anarudi nyuma: "Ngoja kwanza, mama." Anaiendea ndoo, anasugua kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni, anajikausha, ndipo anakupa mkono, na wewe umeshasahau ulichotaka kumwambia. Wengine walidhani ni maringo ya watu wa bara. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta kule Magomeni ya Mtwara miaka yote ile nawaambieni hayakuwa maringo. Alikuwa anatuogopea.

Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Bwana Shamba wa serikali, kazi yake kuzunguka vijijini kwa baiskeli akiwaelekeza watu kupanda mikorosho kwa nafasi na kung'oa mihogo iliyougua. Kazi hiyo aliifanya vizuri, sisemi uongo. Lakini moyo wake ulikuwa uani, kwenye makopo ya maziwa aliyoyapanga kivulini, kila kopo na mche wake. Na mche wenyewe sasa! Si waridi, si asumini. Ni lile ua la petali tano, la rangi ya zambarau iliyopauka, linaloota makaburini. Watu wengine wanalipanda juu ya kaburi kwa sababu halidai maji. Yeye kalipanda chini ya dirisha la chumba anacholala.

"Bwana Shamba, hilo si ua la maiti?" nilimuuliza wiki ileile tulipohamia, mimi na mume wangu na binti yetu Zuhura, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaota meno.

"Maiti hawajalalamika," akanijibu. "Linavumilia chumvi, linavumilia jua, linachanua mwaka mzima. Kosa lake ni udogo tu. Nikilikuza likawa kama kisahani cha kahawa, hata wewe utaliomba."

Nikasema astaghfirullahi, nikaingia ndani.

Sasa namna ya kulikuza. Alisoma chuoni huko, na mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa wake, alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia kichupa cha unga. Kichupa kilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, sanduku lina kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni. Akikitoa lazima aseme, hata kama hakuna anayemsikiliza: "Hii si chumvi." Maneno hayo nimeyasikia kupita ukutani mpaka Zuhura alipoanza kusema, naye akawa anayasema kwa mdoli wake.

Nilimuuliza dawa yenyewe inafanya nini. Hakunijibu kwa maneno ya ofisini. Alinionyesha kanga zangu zilizoanikwa kwenye kamba, doti nzima haijakatwa.

"Ndani ya kila chembe ya ua kuna doti kama hii. Kipande cha baba, kipande cha mama. Chembe ikitaka kuzaa chembe nyingine, kwanza inatengeneza doti ya pili, halafu inajikata katikati, kila mmoja anaondoka na doti yake. Umenielewa?"

"Endelea."

"Basi dawa inamnyang'anya mkasi. Hajikati. Doti zote mbili zinabaki kwa mmoja. Ndiyo maana jani linakuwa nene, na ua linakuwa kubwa."

"Na asiyepata tena mkasi?"

"Huyo anakufa," akasema. "Wengi wanakufa."

Kweli walikufa. Alichukua vimche vyenye majani mawili tu, akaweka katikati ya majani kipande cha pamba, akadondoshea maji ya dawa asubuhi na jioni. Baada ya siku chache shina linavimba, majani yanajikunja, unaona kabisa mmea unateseka. Asubuhi anapita na kopo la taka kukusanya waliokufa. "Poleni," anawaambia. Wallahi nilimsikia kwa masikio yangu! Na mtu huyo huyo hawezi kuchinja kuku, anamleta kwa mume wangu huku kageuza uso. Akiona mbwa, anahamia upande wa pili wa barabara. Bahari alikuwa haisogelei hata ya magotini. Mwoga wa kila kitu, halafu analala juu ya sumu. Mpaka leo sijui niite nini.

Na maua aligawa. Ukiwa na harusi utaletewa kapu zima. Ukiomba mbegu lakini, utazungushwa mpaka uchoke. Kwanza nilimwita mchoyo, baadaye akanionyesha: maganda ya mbegu za yale makubwa yalikuwa yamesinyaa, ukiyafungua ndani mna vumbi tu. "Yakizidi kupendeza yanasahau kuzaa," alisema. Siku hiyo nilicheka.

Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vimeanza, na mji wetu ulikuwa na hofu ya kila namna. Hofu ya ndege, hofu ya wageni, hofu ya visima. Mtu mmoja akapeleka maneno kwamba yule wa bara ana chupa za sumu na anasubiri amri ya Wareno atutilie kwenye maji. Wakaja vijana wa ulinzi na marungu yao. Bwana Shamba akawafungulia sanduku mwenyewe, akaeleza habari za doti na chembe mpaka mmoja akasinzia, halafu akawapikia chai. Vikombe vikawekwa mbele yao, chai ya maziwa, imeungwa tangawizi. Hakuna aliyenyanyua kikombe. Walikaa wanaitazama mpaka ikaganda utando juu, wakaaga kwa adabu. Mimi nilicheka nyuma ya mlango mpaka mbavu zikauma, kisha nikajiuliza: mbona hata mimi sijawahi kunywa chai kwake?

Kichupa kikaisha. Mtu mwingine angeacha. Yeye akakumbuka alichosoma chuoni, kwamba sumu ileile imo kwenye mmea wetu wa porini, ule unaotambaa, wenye maua mekundu na njano yaliyopinda kwenda juu kama moto wa kuni. Imo kwenye mizizi. Kiangazi, mmea ukishanyauka, akawa anakwenda kuichimba kwenye vichaka njia ya kijiji cha Ziwani. Anarudi na gunia dogo, anaiosha, anaianika uani kwenye jamvi, ikikauka anaitwanga kwenye kinu chake mwenyewe na kitambaa kafunga puani. Alituambia sisi wapangaji: hapa mtu asiguse. Tukaitikia, na Zuhura nilimfinya sikio kabisa ili asisahau.

Sasa nisikilizeni. Mizizi ile ni myembamba, mirefu kiasi cha kidole, ya kahawia. Na sisi watu wa huku kiangazi tunachimba nini? Ming'oko. Myembamba, mirefu kiasi cha kidole, ya kahawia. Porini humohumo, kwa jembe lilelile. Tunaichemsha, tunakaa tunamenya na kupiga soga. Ming'oko haipandwi na mtu, ni ya Mungu, kwa hiyo ukiikuta imeanikwa uani kwa watu ukachukua konzi moja ya kuonja, hakuna wa kukuita mwizi. Ndiyo desturi. Bwana Shamba alikaa Mtwara miaka na miaka, anaona wanawake wamebeba ming'oko kwenye vikapu, na siku zote alidhani ni mizizi ya kutibu tumbo. Hakuwahi kuuliza, nasi hatukuwahi kumkaribisha. Nani atafikiria kumkaribisha mkubwa wa serikali ming'oko?

Mama mkwe wangu alikuja asubuhi moja, kifurushi kichwani. Kijiji chao kiko ukingoni mwa Ruvuma, ndugu zake nusu wako ng'ambo, na ndege zilipozidi kupita akaona aje kwa mwanawe. Nilimpokea, nikampa uji, nikatoka kwenda kupanga foleni ya maji bombani, nikamwachia mjukuu wake. Yeye hakuwa amesikia lolote la kuguswa wala kutoguswa.

Niliporudi na ndoo alasiri, Bwana Shamba alikuwa amesimama uani, baiskeli yake kaiangusha chini. Anatazama jamvi.

"Mama Zuhura," akasema polepole. "Nani amepunguza hapa?"

Mama mkwe akacheka barazani. "Mie, baba. Ming'oko yako michungu hiyo hata nilipoichemsha, umeichimba wapi? Huyu mtoto kala mmoja tu kautema nusu, mie nimekula kwa sababu sipendi kutupa chakula."

Sijawahi kuona mtu akigeuka rangi vile. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wangu, akamuuliza wamekula saa ngapi. Adhuhuri, akasema mama, walipokuwa wanaadhini. Bwana Shamba akalitazama jua. Kisha akamtazama Zuhura, ambaye alikuwa anaruka kamba pale mbele yetu, anaimba, jasho linamtoka.

"Mbona mzima?" nikasema. "Bwana Shamba, si unamwona mzima?"

"Bado," akasema.

 Tuliwanywesha maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka wakatapika, mtoto analia, bibi anatukana kwa Kimakonde. Halafu Bwana Shamba akampakia Zuhura mbele kwenye baiskeli, mimi nakimbia nyuma, na mama mkwe akaletwa na mume wangu kwa gari la jirani. Hospitalini daktari akampima mtoto, akamgeuza, akasema huyu hana homa, hana chochote, mrudisheni nyumbani akalale. Mimi nilishasimama. Nilitaka sana kumwamini! Bwana Shamba akakaa sakafuni mlangoni, mtu na suruali yake ya kazi, akasema haondoki. "Bado, daktari. Niamini. Inachelewa." Akamweleza dawa yenyewe kwa Kiingereza, na nikaona uso wa daktari nao unabadilika. Hapo ndipo nilipoogopa vya kuogopa. Tulikaa tunamwangalia mtoto anachezea shuka, anauliza tutakula nini, na sisi tunasubiri. Hakuna kitu kibaya kama kumsubiria mtoto wako augue.

Magharibi ikaanza. Sitaieleza yote. Alitapika mpaka hakuna cha kutapika, akaharisha damu, akakauka, midomo ikapasuka, akawekewa maji ya mshipani. Mama mkwe, mwili mkubwa, alipata nafuu mapema. Zuhura alikaa baina ya huku na kule siku nyingi, na mimi nikasali sala ambazo sizijui. Alipofungua macho akaomba embe, nililia kwa sauti wodi nzima ikaamka.

Tukarudi nyumbani tukidhani yameisha. Kumbe Bwana Shamba alijua yaliyobaki na alishindwa kuniambia. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa namchana mwanangu, kitana kikatoka na nywele zote za upande mmoja. Loo! Nilipiga ukelele ambao ulileta watu kutoka mtaa wa Rahaleo. Bibi yake naye vilevile, akawa anajifunga kanga mpaka kwenye nyusi, na kila akipita mlango wa Bwana Shamba anatema mate na kusema mchawi. Nywele ziliota tena, za wote wawili, tena za Zuhura zikaja nzito kuliko za mwanzo.

Mume wangu alitaka kumpiga Bwana Shamba. Alikwenda kabisa, akarudi bila kumpiga. "Nimemkuta kakaa mbele ya ming'oko iliyochemshwa," aliniambia. "Kanunua sokoni, kaweka na mizizi yake pembeni, anatazama huku, anatazama huku." Jamvi alilichoma, kinu alikichoma, mizizi akaifukia shimo refu. Dawa hakuigusa tena. Maua makubwa aliyokwisha kuyapata aliendelea kuyatunza kwa kukata vijiti na kuvipanda, na watu waliendelea kuyapokea harusini, kwa sababu mji husahau haraka.

Mimi nilisahau pia, kwa muda. Mpaka siku moja nilimtania kama tulivyozoea kumtania wote: "Bwana Shamba, mvi zinakuingia, huoi?" Alikuwa anakata vijiti. Hakuinua kichwa.

"Nimeishika sana ile dawa kwa mikono mitupu, mama, ujana wangu wote. Sijui imenifanya nini ndani. Sitaki kujaribia kwa mtoto wa mtu."

Aliposema hivyo alishtuka mwenyewe, akaniangalia. Nami nikamwangalia Zuhura, alikuwa kibarazani anasuka ukili.  Nikaingia ndani nikakaa kitandani.

Kuanzia hapo hofu yangu ilikuwa moja tu. Mwanangu alikua, tena alikua vizuri kupita wenzake: mrefu, ngozi ya kung'aa, shingo ndefu, watu wanageuka njiani. Kila aliyemsifia aliniongezea ugonjwa. Wenzangu wanafurahi binti zao wakipendeza, mimi nasikia yale maneno ya kupendeza na kusahau kuzaa. Alipovunja ungo nilishukuru peke yangu jikoni. Alipoposwa sikulala. Alipopata mimba nikadhani nitapumua, hofu ikageuka tu ikakaa upande wa pili: je, anazaa nini?

Mwenyewe Zuhura hakujua, na sikumwambia. Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja. Wakati huo watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, na Bwana Shamba alikuwa amepelekwa Ziwani kuwasimamia kwenye mashamba mapya, akabaki hukohuko. Mimba ilipofika miezi saba nilikwenda. Nilimkuta kazeeka, mgongo umepinda, anapalilia mihogo. Ua hata moja sikuliona.

"Zuhura ana mimba," nikamwambia, hata salamu sikumaliza.

Akaweka jembe chini.

"Nimekuja unieleze. Wewe ndiye unayeijua ile dawa. Mtoto atakuwa mzima au vipi?"

Alipangusa udongo mikononi. Kisha akasimama wima, akanijibu kwa ile sauti yake ya kuhutubia wakulima: "Mama Zuhura, binadamu si mmea. Alikula kidogo, alikuwa mdogo, yote yalishatoka mwilini. Atazaa salama, mtoto mzima, asiye na kasoro. Nakuhakikishia. Nenda kalale."

Ya Rabi, nilivyofurahi! Nilimshukuru, nikamwachia mkate wa kumimina niliombebea, nikaondoka mwepesi kama msichana. Nilikuwa nimeshafika barabarani niliposikia mtu anakimbia nyuma yangu. Ni yeye, anahema, kiatu kimoja kimemvuka.

"Akijifungua," akasema, "siku hiyohiyo, mama. Usingoje kesho. Nitumie mtu. Vyovyote itakavyokuwa, nitumie mtu."

Macho yake yalikuwa yaleyale ya hospitalini. Nikajua hajui. Hakujua wakati ule na hajui sasa, na ile sauti ya wakulima alinipa ili nipate kulala tu. Nikamwitikia, nikaenda zangu, na sikulala.

Zuhura alijifungulia nyumbani kwangu alfajiri. Msichana. Mkunga alipompokea nilimnyang'anya mikononi, nikamgeuza mbele na nyuma kwenye taa mpaka mkunga akanigombeza, "Bibi, unatafuta nini?" Nikatoka nikamwamsha shemeji yangu, nikamwambia panda baiskeli nenda Ziwani, mwambie Bwana Shamba ni msichana, mzima, analia kwa nguvu.

Mchana shemeji akarudi, na nyuma ya baiskeli amepakia mtu. "Nimemwambia kama ulivyosema," akaniambia. "Akaniuliza, umemwona kwa macho yako au umeambiwa? Nikasema nimeambiwa. Basi kapanda baiskeli hata mlango hakufunga."

Mkunga alisema mwanamume hapiti pale, na mtoto hatolewi nje kabla hajatimiza siku zake. Sikubishana. Nilimchukua mjukuu wangu nikamleta mpaka kwenye pazia, mimi ndani, yeye nje, nikalifunua pazia kidogo.

"Mfunue nimwone," akasema.

Nikamfunua. Alimtazama kuanzia utosini, taratibu, uso, kifua, mikono, mpaka nyayo, kisha akarudia tena kuanzia juu. Mtoto akapiga chafya.

"Mfunike, mama," akasema Bwana Shamba. "Asipate baridi."